Pesti ya Prosesa na Kipoozeo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapounda kompyuta mpya, anapobadili kipoozeo, au anapochoshwa na feni ya laptopu inayonguruma kwa kazi ndogo tu. Majibu yake yana upande, na ni vizuri kuusema mapema: watu wengi hutumia siku nzima kuchagua pesti, yaani ule mchanganyiko laini wa kupitisha joto unaopakwa kati ya prosesa na kipoozeo, na dakika moja kuipaka, wakati ingefaa iwe kinyume chake. Pale ambapo uchaguzi wenyewe una uzito, maelezo ni marefu. Kwingine utapata jibu la mkato.

Pesti inafanya kazi gani hasa?

Geuza kipoozeo kipya utazame upande wake wa chini. Utaona uso laini unaong'aa, lakini chini ya hadubini si laini hata kidogo: kuna mikwaruzo iliyoachwa na mashine, mabonde na vilima vya maikroni chache chache. Kifuniko cha prosesa nacho kina vyake. Ukivibana viwili hivyo, metali hugusana kwenye vilele tu, na kwingine kote hubaki hewa. Hewa hupitisha joto kwa shida mno, takribani 0.026 W/mK (wati kwa mita kwa kelvini, kipimo cha maada kupitisha joto), ilhali shaba ni karibu 400 na alumini hupita 200. Pesti huingia kwenye mianya hiyo na kuifukuza hewa. Kazi yake ni hiyo, basi.

Sasa tazama upande wa pili wa namba hizo. Pesti nzuri huwa na kati ya 4 na 12 hivi. Inaishinda hewa mara mia kadhaa, lakini ikilinganishwa na shaba ni mnyonge kabisa. Kwa hiyo pesti nyingi si baraka. Popote metali inapoweza kugusa metali, pesti inatakiwa impishe mwenzake.

Naweza kuwasha kompyuta bila pesti kabisa?

Itawaka, na prosesa za siku hizi hujilinda: joto likifika kikomo hujipunguza kasi, likizidi hujizima. Lakini hakuna sababu ya kufanya hivyo, hata kwa majaribio.

Kipoozeo changu kimekuja na pesti iliyokwishapakwa. Niipanguse niweke nyingine?

Kama ndiyo mara ya kwanza unakifunga, iache. Pesti ya kiwandani imepakwa kwa kipimo, mara nyingi kwa chapa ya vidoto vidogo vidogo, na kwa prosesa ya kawaida inatosha kabisa. Kitu cha kuhakikisha ni kwamba haijaguswa na kidole, haijashika vumbi, na kile kifuniko cha plastiki juu yake kimetolewa. Ikishabanwa mara moja na kufunguliwa, hadhi yake imekwisha: futa yote uanze upya, kwa sababu ukiirudishia utanasa hewa katikati.

Namba ya W/mK kwenye kasha niiamini kiasi gani?

Kidogo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Namba hiyo inaeleza uwezo wa maada yenyewe kupitisha joto. Ipo njia ya kupima inayokubalika kwenye tasnia, inaitwa ASTM D5470, lakini hakuna anayemlazimisha mtengenezaji kuifuata anapoandika kasha lake. Kila mmoja hupima apendavyo: mwingine kwa shinikizo kubwa, mwingine kwa safu nene, mwingine akiacha nje ukinzani wa pale pesti inapokutana na metali. Matokeo yake, kampuni moja inaandika 8.5, nyingine 12.5, na huwezi kuzilinganisha kama unavyolinganisha kilo za unga. Noctua, watengenezaji wa vipoozeo, wao wameamua kutochapisha namba hiyo kwa pesti zao za NT-H1 na NT-H2, na hazijawahi kukosa wanunuzi.

Hata kama namba zingekuwa za kweli, fanya hesabu uone zinakupa nini. Chukua prosesa inayotoa wati 100, kifuniko cha sentimita 3 kwa 3, na safu ya pesti yenye unene wa milimita 0.05. Pesti ya 4 W/mK itaongeza takribani nyuzi 1.4 za Selsiasi kwenye joto la prosesa. Pesti ya 8 itaongeza 0.7. Namba imekuwa maradufu, nawe umeokoa chini ya nyuzi moja.

Rudia hesabu hiyo kwa chipu iliyo wazi, isiyo na kifuniko, yenye eneo la sentimita 2 tu za mraba. Sasa pesti ya kwanza inaongeza nyuzi 6 na ushee, ya pili 3 na ushee. Hapo kuna jambo. Na ukweli wa kompyuta ya mezani uko mahali fulani kati ya hesabu hizi mbili, kwa kuwa joto halisambai sawasawa kwenye kifuniko chote. Sehemu iliyo juu ya chipu ndiyo inayobeba mzigo.

Kuna kitu kimoja zaidi ndani ya hesabu hiyo ambacho kasha halikuambii. Pesti ya 8 ikibaki na unene wa milimita 0.1 ni sawasawa na pesti ya 4 iliyobanwa mpaka 0.05. Kwa maneno mengine, pesti nzito inayogoma kutandazika inaweza kupoteza yote iliyojisifia kwenye kasha. Unene wa safu unauamua wewe, kwa kiasi unachoweka na jinsi unavyokaza skrubu, na unauamua mnato wa pesti. Muuzaji hana sauti hapo.

Basi nichague kwa kuangalia nini?

Swali la kwanza: chipu yako ina kifuniko au iko wazi? Prosesa za kompyuta za mezani huja na kifuniko cha shaba kilichopakwa nikeli, kile chenye maandishi ya modeli. Laptopu na kadi za picha karibu zote ziko wazi. Ukiondoa kipoozeo unaona kipande cha silikoni cheusi kinachong'aa. Jibu la swali hili linaamua zaidi ya nusu ya mambo.

La pili: itakaa muda gani bila kuguswa? Kompyuta unayoifungua kila mwezi kwa ushabiki inaweza kuvumilia pesti inayokauka mapema. Laptopu yenye skrubu kumi na mbili na klipu za plastiki zinazovunjika ukizitazama vibaya inahitaji kitu ambacho hutakigusa kwa miaka.

La tatu: inapitisha umeme? Pesti nyingi za kawaida ni mafuta ya silikoni yaliyochanganywa na unga laini wa oksidi ya zinki, oksidi ya alumini na vitu vya jamii hiyo, na hazipitishi umeme. Kama wewe ni mgeni kwenye kazi hii, hilo liwe sharti lisilo na mjadala.

La nne ni mnato. Pesti laini hutandazika yenyewe hata kwa kipoozeo chenye shinikizo dogo, lakini kwenye chipu iliyo wazi hukimbilia pembeni upesi. Pesti nzito hukaa, ila humsumbua anayeipaka, hasa chumba kikiwa na baridi.

Namba ya W/mK inakuja ya tano, ikiwa bado una hamu nayo.

Kwa kompyuta ya mezani, taja majina.

Arctic MX-4 imekuwepo miaka mingi na bado ni jibu la kutosha: haipitishi umeme, inapakika kwa urahisi, na mtengenezaji anaitaja kudumu miaka 8. MX-6 ni mdogo wake aliye mzito kidogo. Noctua NT-H1 na NT-H2 zote ni za kuaminika. NT-H1 hasa ni rafiki wa anayepaka kwa mara ya kwanza. Thermal Grizzly Kryonaut ni ya wanaofukuzia nyuzi moja au mbili za mwisho. Ukipata yoyote kati ya hizi iliyo halisi, acha kutafuta, nenda kaifunge kompyuta.

Neno "halisi" halikuwekwa kwa mapambo. Pesti zinazouzika sana hughushiwa, na bandia mara nyingi huwa nyepesi kupita kiasi au hutoa mafuta yanayojitenga na unga. Baadhi ya watengenezaji huweka msimbo kwenye kasha wa kuhakiki mtandaoni. Utumie kabla ya kufungua sirinji.

Na kwa laptopu?

Laptopu ina tatizo ambalo kompyuta ya mezani hailijui sana. Chipu iko wazi, ni ndogo, na joto lake hupanda na kushuka mara nyingi kwa siku: unafungua programu linaruka mpaka nyuzi 90, unafunga linarudi 45. Kila mara chipu na shaba iliyo juu yake hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na mwendo huo mdogo huisukuma pesti nje kidogo kidogo. Baada ya miezi kadhaa ukifungua unakuta pesti yote imejikusanya pembeni kama ukuta, na katikati, palipo na joto kali, chipu imebaki karibu uchi. Mwenye laptopu husema pesti imekauka. Pengine haijakauka, imehama.

Kwa hiyo laptopu inataka pesti nzito, au kitu bora zaidi: pedi inayobadili hali. Inayojulikana sana ni PTM7950 ya Honeywell. Ikiwa baridi ni karatasi laini ya kijivu. Ikifika karibu nyuzi 45 hulainika na kutiririka kwenye mianya, halafu kompyuta ikipoa huganda tena palepale. Haikimbii kama pesti ya majimaji. Kwa nyuzi za siku ya kwanza inaweza kulingana tu na pesti nzuri, lakini baada ya mwaka ndipo utaona tofauti.

Kuibandika kunahitaji utulivu. Iweke kwenye jokofu dakika chache kabla, maana ikiwa na joto la chumba hunyooka na kuchanika unapotoa filamu. Kata kipande kinachoizidi chipu kidogo kila upande. Toa filamu ya chini, bandika, bonyeza taratibu kwa kidole juu ya filamu ya juu, kisha vuta filamu hiyo ukianzia kwenye kona, karibu sambamba na chipu badala ya kuivuta juu. Ikikatika kona usilie. Weka kakipande palipopungua, itaungana ikiyeyuka. Baada ya kufunga, ipe kompyuta kazi nzito mara chache. Vipimo vya dakika za mwanzo havina maana, kwa sababu pedi haijashuka mpaka unene wake wa mwisho.

Metali kimiminika ni nzuri kama wanavyosema?

Kwa kupitisha joto, ndiyo, na hapo hakuna pesti inayoikaribia. Conductonaut ya Thermal Grizzly imeandikwa 73 W/mK. Mchanganyiko wa aina hii hutegemea galiamu, indiamu na stani, na hubaki majimaji kwenye joto la chumba. Sony waliitumia kwenye PlayStation 5 ya mwaka 2020, kwa hiyo si mchezo wa mashabiki peke yao.

Lakini soma masharti. Inapitisha umeme, na tone moja likidondokea vijenzi vidogo vilivyo kando ya chipu unapata shoti. Galiamu hula alumini: kipoozeo chenye kitako cha alumini kikipakwa metali hii hudhoofika na kuanza kumeguka, kwa hiyo kitako kiwe cha shaba au kilichopakwa nikeli. Hata shaba tupu huinywa taratibu na kubaki na doa la kijivu. Haiharibiki, ila huenda ukahitaji kurudia kupaka. Na kwenye kifuniko cha prosesa ya kawaida ya mezani faida yake ni ndogo, kwa sababu ile ile ya hesabu ya juu. Makao yake ni juu ya chipu iliyo wazi, mikononi mwa mtu aliyekwisha kuziba vijenzi vya jirani kwa vanishi au tepi na kujenga ukuta wa sponji kuzuia kuvuja. Kama sentensi hiyo imekuchosha, chukua PTM7950.

Pedi za grafiti je?

Zinafaa kwa mtu anayebadilisha prosesa mara kwa mara, kwenye benchi la majaribio kwa mfano: hutoi uchafu, hupaki, unanyanyua na kurudisha. Hazikauki. Hata hivyo, namba kubwa inayoandikwa kwenye grafiti iangalie kwa jicho la pembeni, kwani grafiti hupitisha joto vizuri sana kwa upana wake na vibaya zaidi kwa kina, na kina ndicho unachokihitaji. Inapitisha umeme pia, kwa hiyo isining'inie nje ya kifuniko.

Nimeona pedi za mpira za bluu. Naweza kuzitumia juu ya prosesa badala ya pesti?

Hapana. Hizo ni za chipu za kumbukumbu na saketi za umeme kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) au kadi ya picha, mahali penye pengo la nusu milimita hadi milimita kadhaa. Safu ya milimita moja juu ya prosesa ni blanketi. Na ukibadilisha zilizo kwenye kadi ya picha, unene uwe ule ule wa zile za mwanzo: zikizidi, kipoozeo kitainuka na chipu kuu haitaguswa vizuri.

Pesti yenye fedha au almasi inashinda?

Fedha na almasi hupitisha joto vizuri ajabu, almasi ikiishinda shaba mara kadhaa. Lakini ndani ya sirinji ni chembe zinazoelea kwenye mafuta, na joto lazima liruke kutoka chembe hadi chembe kupitia mafuta hayo. Ndiyo sababu pesti yenye unga wa kitu chenye maelfu bado inaishia kwenye namba ya tarakimu moja. Arctic Silver 5, iliyotamba enzi zake, mtengenezaji wake anasema huhitaji hadi saa 200 za matumizi kabla ya kutulia. Bado inafanya kazi. Ila leo hakuna sababu ya kuifuata. Rangi ya pesti haikuambii kitu.

Niweke kiasi gani, na kwa umbo gani?

Mjadala huu hautaisha, na sehemu kubwa yake ni kelele. Nukta katikati, mstari, msalaba, nukta tano, kutandaza kwa kijiko cha plastiki: kwenye prosesa yenye kifuniko cha kawaida zote huishia karibu joto lile lile, mradi pesti ifike juu ya chipu yote na kipoozeo kikazwe sawasawa.

Kwa prosesa ya mezani, nukta moja katikati yenye upana wa milimita 4 hadi 5 inatosha. Kwa vifuniko virefu, kama vya Intel vya soketi (kile kitako cha madabodi kinachoishika prosesa) ya LGA1700, mstari mwembamba au msalaba hufika pembeni vizuri zaidi. Kwa prosesa za AMD za Threadripper, ambazo ni kubwa mno, nukta moja haitoshi. Weka nukta nyingi au tandaza kabisa.

Kwenye chipu iliyo wazi kanuni hubadilika. Hapo tandaza uso wote. Hakuna kifuniko cha kusambaza joto, na kona moja iliyokosa pesti inaweza kupanda nyuzi nyingi peke yake huku nyingine zikiwa shwari. Ukiona kwenye programu ya vipimo kiini kimoja kinaunguza na wenzake wako nyuzi 15 chini, anza kuwaza kona hiyo.

Nyingi kupita kiasi inadhuru? Kwa pesti isiyopitisha umeme, ziada hubanwa ikatoka pembeni na joto halibadiliki sana. Unachopata ni uchafu. Kidogo kupita kiasi ndiyo hatari ya kweli, kwa hiyo ukisita kati ya mbili, ongeza kidogo.

Sirinji ya gramu 4, kwa hesabu ya safu ya milimita 0.1 kwenye sentimita 9 za mraba, inatosha kupaka zaidi ya mara kumi. Sirinji kubwa ni ya fundi, si yako.

Prosesa za AMD za soketi ya AM5 zina kifuniko chenye mapengo pembeni. Pesti ikiingia humo?

Haitaharibu kitu ikiwa haipitishi umeme, ila kuichokoa baadaye kati ya vijenzi vile ni kazi ya kukera. Weka kiasi kilichopungua kidogo kuliko kawaida, au tumia fremu ya kuziba mapengo wakati wa kupaka. Noctua na wengine wanaiuza. Metali kimiminika kwenye AM5 ni kutafuta kesi.

Nitaondoaje pesti ya zamani?

Kabla ya kusafisha kuna kufungua, na hapo ndipo ajali hutokea. Kwenye soketi ya AM4 ya AMD, pini ziko kwenye prosesa na soketi inaishika kwa kubana tu. Pesti ya zamani iliyoshikana inaweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoozeo, pini zikapinda. Endesha kwanza kazi nzito dakika kumi pesti ilainike, zima na uchomoe umeme, legeza skrubu kwa mshazari kidogo kidogo, halafu zungusha kipoozeo kushoto na kulia taratibu mpaka usikie kimeachia. Ndipo ukiinue. AM5 ya mwaka 2022 na soketi za Intel hazina shida hii, kwa kuwa fremu ya metali huishikilia prosesa.

Kusafisha kwenyewe: futa nene yote kwa karatasi kavu, kisha alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi. Futa kutoka pembeni kuja katikati ili usiisambaze. Rudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Subiri dakika moja ikauke, usiguse uso tena kwa kidole. Usitumie kisu wala bisibisi kukwangua, na kwenye chipu iliyo wazi usitumie hata kucha kwa nguvu. Silikoni hukatika kwenye kona.

Nibadilishe kila baada ya muda gani?

Badilisha pale joto linapokuambia. Kwenye kompyuta ya mezani pesti nzuri huweza kukaa miaka mitano bila neno. Noctua wenyewe hutaja muda wa hadi miaka 5 kwa pesti zao. Laptopu yenye pesti ya kawaida inaweza kudai mapema zaidi, hata ndani ya mwaka mmoja au miwili ikifanyishwa kazi ngumu. Andika mahali joto la prosesa yako pesti ikiwa mpya, kwa kazi fulani na chumba cha joto fulani. Likiwa limepanda nyuzi 10 hata baada ya kusafisha vumbi, fungua. Bila namba ya kulinganisha unabadilisha kwa hisia tu.

Ukifungua kipoozeo kwa sababu nyingine yoyote, paka upya.

Nimebadilisha pesti na joto limebaki pale pale. Tatizo nini?

Kwanza hakikisha kuna tatizo. Prosesa nyingi za Ryzen 7000 za mezani zimeundwa na AMD ziongeze kasi mpaka zifike nyuzi 95 zikipewa kazi nzito, na ziendelee hapo. Prosesa nyingi za Intel Core zina kikomo cha nyuzi 100. Ukiboresha upoozaji, prosesa ya namna hii huitumia nafasi hiyo kuongeza kasi badala ya kushusha joto. Kwa hiyo tazama kasi na wati, usitazame nyuzi peke yake.

Ukiridhika kwamba kuna hitilafu, inua kipoozeo na usome alama ya pesti kabla ya kuifuta. Watu wengi huruka hatua hii, na ndiyo yenye majibu. Alama nzuri ni hivi: katikati pesti imekuwa nyembamba mpaka rangi ya metali inaonekana kwa chini, na pembezoni pana kingo ndogo iliyosukumwa nje. Ikiwa upande mmoja ni mwembamba na wa pili una pesti nene yenye michirizi ya kuvutwa, kipoozeo kilikaa mshazari. Kaza skrubu kwa kupishana, mizunguko michache kila moja. Ikiwa pesti ni nene kila mahali na imebaki na umbo ulilolipaka, kipoozeo hakijashuka kabisa: angalia kama vishikizo ni vya soketi yako, au kama kuna kijenzi kinachokizuia.

Ikiwa ni nene katikati na nyembamba kwenye ncha mbili, na una prosesa ya Intel ya LGA1700, yaani kizazi cha 12 hadi cha 14, basi inawezekana fremu ya soketi imeipinda prosesa kidogo katikati. Hilo linajulikana tangu 2021. Zipo fremu mbadala zinazobana pembe zote sawasawa, ila Intel haiungi mkono kubadilisha, kwa hiyo fikiria dhamana yako kwanza.

Na kama hakuna alama yoyote upande wa kipoozeo ila plastiki inayong'aa, basi filamu ya kiwandani yenye maandishi ya onyo bado imebandikwa. Usione haya. Kwa mafundi ni jambo la kila siku.

Alama ikiwa safi na joto bado juu, iache pesti. Tazama kama feni inazunguka, kama pampu ya kipoozeo cha maji inafanya kazi, kama vumbi limeziba mapezi, na kama madabodi imeruhusu prosesa kula wati bila kikomo.

Nasikia pesti iliyo ndani ya kifuniko cha prosesa ndiyo mbaya zaidi. Nikifungue?

Inategemea prosesa. Intel waliacha lehemu wakaweka pesti chini ya kifuniko cha prosesa zao za kawaida za mezani kwenye kizazi cha Ivy Bridge cha mwaka 2012, na huko kufungua kulileta tofauti kubwa. Mwaka 2018 Core i9-9900K ilirudi kwenye lehemu, na Ryzen nyingi za mezani zina lehemu tangu mwanzo. Lehemu tayari hupitisha joto vizuri. Kuifungua leo ni kuhatarisha prosesa nzima kwa nyuzi ambazo feni bora ingekupa.

Dawa ya meno, siagi, mafuta ya mgando: vinafanya kazi?

Kwa saa chache, vingine ndiyo, kwa kuwa chochote kilicholowana kinaishinda hewa. Vile vyenye maji hukauka, kinachobaki hupasuka, na joto hurudi likiwa baya zaidi. Baadhi pia huchochea kutu.

Sirinji iliyobaki nihifadhije?

Futa mdomo, rudisha kifuniko chake kikaze, iweke mahali pakavu penye joto la kawaida, na uandike tarehe ya kufungua juu yake. Ukiitumia tena, toa kwanza tone dogo kwenye karatasi. Likitoka mafuta matupu kabla ya pesti, mchanganyiko umejitenga. Toa zaidi mpaka rangi iwe moja. Likitoka gumu lenye chembechembe, tupa.